Redio Yetu na Msiba Usio na Maiti

Redio yetu ya kanisa ilianza kwa kuwatia watu msiba. Najua kitabu cha kumbukumbu cha ofisi kinasema ilianza kwa sala na baraka. Hizo zilikuja wiki mbili baadaye. Mimi nilikuwepo tangu siku ya kwanza, tena niliosha masufuria, kwa hiyo mtu asinifundishe.

Ilikuwa miaka ile serikali ilipoanza kulegeza mambo. Maduka ya Majengo, pale Sumbawanga mjini, yalijaa ghafla sabuni za kila rangi, redio ndogo za betri mbili na vitenge kutoka Zambia. Kila aliyekuwa na ndoto alikuwa anaomba kibali cha kitu: huyu baa, yule basi, yule mashine ya kusaga. Kanisa nalo likaomba kibali cha redio. Kabla ya hapo tulikuwa na redio moja tu, ya taifa, ambayo ikifika kwetu Ufipa ilikuwa imeshachoka, inakuja na kupotea, na taarifa ya habari tunaisikia nusu. Nusu nyingine tulijitungia wenyewe.

Nilikuwa mpiga chapa wa ofisi ya parokia. Padri aliyepewa kazi ya kuanzisha redio alikuwa Mfipa mwenzetu, mtu mrefu, mpole, aliyesoma Ulaya miaka mingi. Wengine wakirudi kutoka Ulaya hurudi na friji. Yeye alirudi na koti zito, ambalo baridi yetu ya mwezi wa sita ilimfanya asijutie, na maboksi matatu ya kanda za muziki. Si muziki wa kucheza. Ni ule wa kanisa la zamani: vinanda vya mabomba vinavyounguruma mpaka kifua kinatetemeka, kwaya za Kilatini, fidla zinazolia kwa zamu. Alizipanga kanda zile kwenye rafu kwa mkono wake, na mtu akizigusa bila kunawa anamwangalia tu, na wewe mwenyewe unakwenda kunawa.

Studio ilikuwa stoo ya mahindi. Tulibandika trei za mayai ukutani ili sauti isirudi, tukatandika mkeka, lakini harufu ya mahindi haikutoka, na fukusi waliendelea kujitokeza mezani wakitembea juu ya karatasi zangu. Mnara ukasimamishwa nyuma ya kanisa. Mtambo ukawashwa. Kilichokosekana ni maikrofoni, ambayo ilikuwa imekwama Mbeya pamoja na lori lililoibeba.

Padri alikuwa mpole, lakini subira hakujaliwa. Akasema tutajaribu mtambo kwa muziki mtupu, asubuhi mpaka jioni, ili watu watafute masafa yetu. Akaweka kanda ya kinanda, misa ya wafu ya kale kabisa, akakunja mikono, akafumba macho kwa raha. Mimi nikaketi pembeni nikiona maisha yamefunguka.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia nchi hii miaka ile anajua tulichokifanya. Kwenye redio ya taifa, muziki wa taratibu usio na maneno, uliopigwa saa baada ya saa bila mtangazaji kusema neno, ulikuwa na maana moja tu. Mkubwa amefariki, na wanasubiri kumtangaza. Padri alikuwa Ulaya muda mrefu, alikuwa amesahau. Mimi sikuwa Ulaya. Mimi sina la kujitetea, ila kwamba nilikuwa nimenogewa.

Saa sita hivi nilichungulia nje nikaona wanawake wanaingia kiwanjani, kanga zimefungwa viunoni, mabeseni ya unga vichwani. Nyuma yao wengine na kuni, wengine na maharage, mmoja amebeba migebuka mikavu, samaki wa Tanganyika, kwenye kikapu. Walitoka Izia, walitoka Kasense, na walikuja kimya, jinsi watu wanavyokwenda msibani. Wanaume walishaanza kufunga turubai kwenye mlingoti, ule mkaratusi wa kiwanjani. Kule Majengo, niliambiwa baadaye, maduka yalifungwa milango nusu kwa heshima, na wenye maduka wakawa wanabishana kama aliyekufa ni wa serikali au wa Roma.

Wengi waliona ni wa karibu zaidi. Redio ni ya kanisa, imeanza leo bila kutangazwa, inalia tu. Nani tena kama si Askofu?

Vilio vilipopanda, Askofu mwenyewe akatoka ofisini kwake na miwani mkononi kuangalia kuna nini. Wanawake wa mbele walikuwa wameinamisha vichwa, hawakumwona. Akamshika bega mama mmoja.

"Mama, poleni. Nani ametutoka?"

Yule mama akainua uso. Akamtazama juu mpaka chini, mpaka viatu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Baba Askofu," akasema. "Tulikuwa tunakulilia wewe."

"Milele amina," akajibu Askofu. Kisha akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.

Tatizo likawa unga. Kwetu unga uliobebwa kwenda msibani haurudi nyumbani. Ukiurudisha ni kama unakwenda kuuita msiba wenyewe ukufuate. Wale akina mama wakasimama na mabeseni yao, hawawezi kuondoka, hawana wa kumzika. Askofu akaamua: wapike. Basi tukawasha moto pale pale, tukasonga ugali wa ulezi na wa mahindi, tukachemsha maharage na migebuka, na watu wakala msiba usio na maiti mpaka jua likaanza kushuka, huku kinanda cha Padri kikiunguruma kwenye redio iliyoning'inizwa kwenye nguzo ya turubai. Sijawahi kula msibani kwa furaha vile. Masufuria niliyoosha siku hiyo sina hesabu yake.

Watu walicheka, lakini jina lilibaki. Redio ikapata maikrofoni, ikapata watangazaji, ikapata kipindi cha kilimo na cha watoto na cha kwaya, na bado mtu akipita sokoni anasikia: "Washa basi hiyo redio ya msiba."

Mimi nilipewa saa moja, Alhamisi saa kumi alasiri, kipindi cha muziki wa klasiki wa kanisa. Padri alinichagua kwa sababu nilikuwa mtu pekee niliyekuwa nanawa bila kutazamwa. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi, na sababu yangu sikumwambia.

Sababu ilikuwa Baba. Baba yangu, ujana wake, alikuwa mwimbaji wa misheni. Wamisionari walimfundisha sauti ya nne, besi, kwa Kilatini, enzi ambazo misa yote ilikuwa Kilatini. Lugha ilipobadilika na ngoma zilipoingia kanisani, aliziimba hizo mpya pia, lakini nyumbani, shambani, akitengeneza jembe, aliimba zile za zamani, besi peke yake, sehemu ya chini ya wimbo bila wimbo wenyewe. Mama alikuwa anamwambia anaimba kama mtu anayeburuta kabati. Mama alipofariki, Baba akanyamaza. Hakuugua, hakukonda, alilima kama kawaida kule Kasense, alijibu salamu. Ila hakuimba tena, nyumbani wala kanisani. Miaka miwili. Nyumba ile ilinitisha kwa ukimya. Nikajiambia kwamba akizisikia tena sauti zile tatu za juu, ya nne itamtoka yenyewe.

Nikampelekea redio na betri. Kila Jumapili nikienda kumwona namuuliza.

"Shikamoo Baba. Alhamisi ulisikia?"

"Marahaba. Betri ziliisha."

Napeleka betri. Jumapili inayofuata: "Nilikuwa shamba." Jumapili nyingine: "Nilisikiliza bei ya mahindi." Bei ya mahindi ilikuwa inatangazwa saa kumi na dakika hamsini na tano kwenye redio hiyo hiyo, baada tu ya kanda yangu ya mwisho. Nilitamani kulia na nilitamani kumpigia kelele, na kwa kuwa ni baba yangu sikufanya lolote, nilimfulia mashati.

Hapo ndipo kamati ya redio ikaingia. Mwenyekiti wake alikuwa mama wa Mbeya aliyekuja Sumbawanga kufanya biashara ya vitenge pale Majengo, mwanamke wa sauti kubwa na akili kubwa zaidi, na mimi nilimpenda hata alipokuwa ananichoma. Alikuwa na kipimo kimoja cha kipindi kizuri: kadi za salamu. Wasikilizaji wetu walijaza kadi zenye mistari minne, nani anatuma, zimfikie nani, wimbo gani, ujumbe gani. Kipindi cha salamu cha asubuhi kilikuwa kinapata kadi za kujaza gunia. Kipindi cha kwaya, nusu gunia. Changu hakikupata hata moja.

"Mdogo wangu," akaniambia kwenye kikao, "mimi huo muziki wako unanipa usingizi mzuri sana, sikudanganyi. Lakini redio si godoro. Mpaka Krismasi. Kadi zisipokuja, saa yako nawapa vijana wa kwaya, na wewe unarudi kwenye taipureta."

Nikatoka na hasira za kuchana karatasi. Nikaanza kuwaomba watu kadi mmoja mmoja, bila aibu. Jirani yangu wa Izia, mtu mwema, aliniambia ukweli wote kwa sentensi moja.

"Dada, nikimtumia shemeji yangu salamu kwenye kipindi chako, si atasema namtakia kufa?"

Tatizo lilikuwa hilo, na sikuwa na dawa yake. Ule ugali wa siku ya kwanza ulikuwa umenikaba.

Mwezi wa kumi na moja, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha, akaja mfugaji mmoja wa Kisukuma. Walikuwa wengi tayari pembezoni mwa mji, wamehama na ng'ombe kutoka kaskazini kutafuta malisho. Alikuwa mtu mzima, fimbo mabegani, viatu vya matairi. Alisimama mlangoni mwa studio kama anayehofia kukanyaga kitu.

"Hii ndiyo redio ya msiba?"

Nilikuwa karibu kumjibu vibaya. Nikamwambia ndiyo, ni hii, karibu.

"Mama yangu nilimzika kwetu, Usukuma. Nikahama. Tangu hapo sijapita kaburini, ni mbali, na ng'ombe siwezi kuwaacha. Nikichunga nawasikia mnapiga huu muziki wa waliokufa." Akashusha fimbo. "Sasa nauliza. Mnara wenu unafika mpaka wapi?"

"Laela unafika. Siku nzuri, mpaka Namanyere."

"Na kwao?"

Nilielewa kwao ni kwa nani. Ningeweza kumweleza kuhusu mawimbi na milima. Ningeweza kumwita Padri. Lakini nilikuwa sina kadi hata moja, Krismasi ilikuwa inakuja, na nitakuwa mwongo nikisema nilifikiria dini.

"Unafika," nikamwambia.

Hakujua kuandika, nikamjazia. Zimfikie: mama yangu. Wimbo: wowote, usiwe wa haraka, alikuwa mzee. Ujumbe: ng'ombe wamezaa, watoto wanasoma, nitakuja.

Alhamisi ile niliisoma hewani, nikihofia Padri atanitoa kwa sikio. Nikaweka kanda ya kinanda, ile tulivu kuliko zote. Padri aliingia studio muziki ukiendelea. Akasimama. Akatazama kadi, akatazama mimi.

"Nani kakuruhusu kusalimia marehemu?"

"Ni mwezi wa marehemu, Padri," nikasema, maana huwa sikosi jibu. "Kila misa tunawataja."

Akaisoma tena kadi. "Kweli," akasema. "Huku tofauti ni kinanda tu." Akatoka.

Alhamisi iliyofuata nilikuta watu kumi na mmoja kwenye benchi. Walikuwa wameelewa haraka kuliko mimi. Muziki ni wa msiba, sawa, basi upewe wenye msiba. Mama wa Izia alimtumia mume wake salamu kumwarifu kwamba baiskeli ameiuza na asikasirike, ilikuwa inaozea ukutani. Dada wawili walimsalimu bibi yao na kumwambia kwamba hawajasahau kupalilia. Mwalimu mmoja mstaafu alimtumia mwalimu mwenzake ujumbe mfupi: ulikuwa sahihi. Hakusema sahihi kuhusu nini. Nilisoma zote, na baada ya kila tatu nikapiga wimbo, na watu wakaketi nje wakisikiliza redio ya mlinzi, hawaondoki mpaka wa kwao apigiwe. Wengine walilia kidogo, wakafuta, wakaulizana habari za mbolea.

Mwenyekiti akaitisha kikao.

"Nimesikia tunasalimia waliokufa," akasema. "Sina ugomvi nao. Ila mimi nilisema kadi za wasikilizaji. Marehemu hawasikilizi redio."

"Wanaotuma ni wazima," Padri akasema.

"Na nikiruhusu, si tutaendelea kuitwa redio ya msiba mpaka Yesu arudi?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, mimi pia sikuwa nalo, jambo ambalo lilimshangaza kila mtu. Mwishowe akasema atakuja mwenyewe kukaa studio Alhamisi ya mwisho kabla ya Krismasi, asikilize kipindi kizima, kisha ataamua. Najua alikuwa anajaribu kuwa wa haki. Usiku na mchana wiki hiyo nilimchukia.

Alhamisi hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi, ikakatika saa tisa. Mwenyekiti alikuja amevaa kitenge kipya kabisa, akaketi kwenye kiti pekee kizuri, mkoba magotini, kama mtu anayesubiri basi. Nilikuwa na kadi kumi na nne mezani. Dakika tano kabla sijaingia hewani, mlinzi akagonga na ya kumi na tano.

"Kuna mzee alikuwa kwenye foleni. Amesema mpatie binti wa ndani."

Niliutambua mwandiko kabla ya kusoma. Baba aliandika herufi za misheni, zilizosimama wima, kila moja na nafasi yake. Alikuwa ametembea kwa matope kutoka Kasense, akapanga foleni na watu, na asiniite.

Niliiacha ya mwisho. Nikazisoma zile kumi na nne sijui vipi. Kisha nikaichukua yake.

Kutoka kwa: mume wako. Zimfikie: mke wangu. Wimbo: wenye besi. Ujumbe: binti yako analipwa kwa kuongea. Ulishinda.

Hapo lazima nieleze. Nilipomaliza darasa la saba, Baba hakutaka niende sekondari. Alisema msichana anayeongea namna ile atarudishwa ndani ya muhula mmoja, tutapata aibu bure. Mama alibishana naye msimu mzima wa kilimo. Alisema huo mdomo ndio utakaomlisha. Mama hakuishi kuniona nikikaa mbele ya maikrofoni, na Baba katika miaka yote ile hakuwahi kusema neno kuhusu ubishi ule, mpaka siku hiyo, mbele ya wilaya nzima, kwa sauti yangu mwenyewe.

Sikuweza kuendelea. Nilibonyeza kanda, kwaya ya Kilatini ya sauti nne, nikafunika uso kwa mikono. Mwenyekiti alitoa leso kwenye mkoba akanisukumia, bila kunitazama.

Ndipo tukaisikia. Ilitoka nje ya dirisha, chini ya paa, pale watu walipokuwa wamesimama kuzunguka redio ya mlinzi. Kwanza nilidhani ni mtambo unavuma. Halafu ikapanda noti moja na kushuka mbili. Ilikuwa imechelewa kidogo nyuma ya kwaya, ilikosa maneno mawili matatu, ilikohoa katikati ya amina, na ilikuwa besi. Baba yangu alikuwa anaburuta kabati lake, miguu kwenye matope, kofia mkononi.

Kwa kufuata utaratibu, dirisha hufungwa tukiwa hewani, ila siku hiyo lilikuwa limebaki wazi nusu. Nilisimama. Nikamtazama Padri, aliyekuwa amekuja mlangoni. Akatikisa kichwa kukataa, hapana, usifunge. Nikalifungua zima, nikavuta maikrofoni mpaka waya ulipokomea, nikaiwasha.

Wimbo ulipoisha, nje hakuna aliyepiga makofi, maana msibani hatupigi makofi. Mwenyekiti alifunga mkoba wake.

"Kipindi kiendelee," akasema. "Lakini huyo mzee mpeni kiti, jamani, amesimama kwenye maji."

Wiki iliyofuata nilipata kadi tatu, kutoka kwa watu watatu wasiojuana, zikiomba ule wimbo wa Kilatini, ule wenye mzee anayekohoa. Niliwajibu hewani kwamba kanda hiyo hatuna, lakini mwenyewe anakuja kila Alhamisi.